Kontena Moja, Rafu Nyingi: Hesabu ya Nafasi Kabla ya Kukopa

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wilayani Sengerema, mkoani Mwanza, kama ilivyo katika halmashauri nyingine nchini, vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kati ya hizo, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kwa kuwa mkopo huo hurejeshwa, kikundi kinachokusudia kukuza mimea ndani ya kontena la chuma hakina budi kupiga hesabu ya nafasi mapema.

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa takriban mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Sakafu yake haifiki mita za mraba 14. Rafu za ngazi nne, zenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 5.5, zikifungwa pande zote mbili, hutoa takriban mita za mraba 26 na kuacha njia ya zaidi ya mita 1. Safu tatu za sentimita 55 zenye magurudumu, zinazosogezwa ili kufungua njia moja ya sentimita 70, hufikisha takriban mita za mraba 36.

Hata hivyo, rafu isiyo na mwanga ni nafasi iliyopotea. Mchicha au saladi huhitaji taa katika kila ngazi kwa saa nyingi kila siku, na gharama ya umeme inaweza kumeza faida. Uyoga aina ya mamama huhitaji mwanga kidogo tu, hivyo ngazi zote hutumika. Zao hilo huoteshwa katika mifuko yenye mabua ya mpunga au mabaki ya pamba, mazao yanayolimwa wilayani humo, baada ya mabaki hayo kuchemshwa ili kuua vimelea.

Jambo la pili ni joto. Sengerema ipo karibu na Ikweta, na jua la mchana hupiga paa moja kwa moja. Inafaa kujenga kivuli juu ya kontena, kuelekeza ncha zake mashariki na magharibi, na kutoboa matundu ya hewa yenye wavu, ya chini upande mmja na ya juu upande wa pili.

Aidha, mbao za sakafu ya makontena mengi hutiwa dawa ya kuua wadudu. Mifuko isiwekwe juu yake moja kwa moja, na mnunuzi aulize kontena lilibeba nini awali.

Uyoga mbichi huharibika haraka. Daraja la J.P. Magufuli, maarufu kama Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa ulazima wa kusubiri kivuko kwa wanaopeleka mazao jijini Mwanza.

Wananchi wanashauriwa kuonana na afisa ugani na afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kuwasilisha maombi ya mkopo.