Mvumo katika Spika

Mjini Singida, jua likisha kuchwa na kazi kwisha, watu wengi hupenda kuketi nyumbani na kusikiliza nyimbo. Walakini mara nyingine, kabla wimbo haujaanza, husikika katika spika mvumo mzito, mithili ya nyuki wa Manyoni waliomo mzingani. Mwenye nyumba hudhani chombo chake kimekufa, akataka kununua kingine. Si lazima. Mvumo huo una chanzo chake, nacho chaweza kutafutwa.

Umeme uletwao majumbani katika Tanzania hauendi upande mmoja tu, kama ule wa betri. Huenda na kurudi, na katika sekunde moja hufanya hivyo mara 50. Mwendo huo ukipenya katika nyaya za sauti, amplifaya, yaani mashine ikuzayo sauti, huukuza pamoja na wimbo, na spika huutoa kuwa mvumo.

Atafutaye chanzo chake na aende hatua kwa hatua. Kwanza apunguze sauti hata mwisho. Mvumo usipopungua, yamkini kosa limo ndani ya amplifaya yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukipungua, basi unaingia kwa njia ya vyombo vingine au nyaya zake. Hapo aizime amplifaya, achomoe waya wa sauti wa chombo kimoja, aiwashe tena na kusikiliza. Kisha afanye vivyo hivyo kwa chombo cha pili na cha tatu. Mvumo ukikoma, mahali pake pamejulikana.

Mathalani, mvumo hukoma waya wa kompyuta uchomolewapo. Pengine kompyuta imechomekwa katika soketi ya ukuta huu, na amplifaya katika soketi ya ukuta ule. Nyaya za ardhi za soketi hizo mbili, pamoja na waya wa sauti, hufanya duara, na umeme kidogo huzunguka humo. Dawa yake mara nyingi ni rahisi: vyombo vyote vichomekwe mahali pamoja. Kadhalika nyaya za sauti zisilale sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipitane kama msalaba.

Wako watu wakatao waya wa ardhi, au wavunjao mguu wa tatu wa plagi, ili mvumo ukome. Pengine hukoma kweli, lakini hatari huzaliwa. Kazi ya waya huo ni kuupa njia salama umeme uvujao katika bati la chombo. Waya usipokuwapo, mtoto agusaye bati hilo huwa ndiye njia, naye aweza kufa.

Tena Singida ni nchi ya mvua chache. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vema kama udongo wenye maji. Kwa hiyo fimbo ya madini ifukiwayo karibu na nyumba kwa ajili ya waya wa ardhi haina budi kupimwa na fundi. Na chombo kikimtia mtu ganzi mkononi, umeme wa nyumba uzimwe mara moja, na fundi aitwe.

Mvumo huudhi masikio tu, umeme huua. Mwenda pole hajikwai: atafutaye kwa utaratibu hupata sauti safi, na watu wa nyumba yake hubaki salama.