Gesi ya Frigo Haiishi Bure

Mara nyingi tunawasikia watu wakisema: «Frigo yetu haipozi tena, gesi imekwisha, fundi aje aongeze.» Lakini gesi hiyo si kama petroli ya motokari. Haitumiki ikaisha, bali huzunguka daima ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, basi imevuja. Na pengine aliyetoboa bomba ni yule aliyekwangua barafu kwa kisu. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kutia maji katika mtungi uliopasuka.

Tusome kwanza kibandiko cha frigo. Kikiandikwa R600a, ndani mna isobutani, kama ilivyo katika frigo nyingi za siku hizi. Ni gramu chache tu, mara nyingi hazifiki 100, lakini huwaka upesi. Tena ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni.

Kwa hiyo fundi mwema hufungua madirisha, huzima kila moto, na huondoa gesi yote kabla ya kuchomelea bomba. Hulijaribu bomba kwa nitrojeni, kamwe si kwa oksijeni, maana hiyo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka. Kisha hubadili chujio, hunyonya hewa yote kwa pampu, na kutia gesi ileile iliyoandikwa, akiipima kwa mizani.

Wazazi wapenzi, tusimharakishe fundi ili kuokoa fedha kidogo. Watoto tuliokabidhiwa na Mungu hulala katika nyumba hiyohiyo.