Bukavu: Mtu mmoja akihitajika na wote, nani atampumzisha? Mfano wa Panzi

Katika ofisi na hospitali nyingi za Bukavu kuna mtu mmoja ambaye akikosa siku moja, kazi inalala. Yeye ndiye anajua mashine, ndiye anajua hesabu za stoo, ndiye mkubwa wa kazi anampigia simu saa nne za usiku. Wenzake humsifu. Lakini ni wachache wanaouliza kama alilala.

Mfano unaojulikana zaidi mjini ni ule wa hospitali ya Panzi, wilayani Ibanda. Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alianza udaktari Lemera. Huko aliona mama wengi wakifika wamechelewa, uzazi umeharibika. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera mwaka 1989. Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani.

Panzi ilianza mwaka 1999, na nia ilikuwa kusaidia mama wanaojifungua. Vita ilileta wagonjwa wengine: wanawake waliobakwa, wengi wakiwa na fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kitoke bila kujizuia. Wajuzi wa kushona jeraha hilo walikuwa wachache sana. Ujuzi huo mmoja ndio uliofanya Mukwege atafutwe na kila mtu. Kwa miaka mingi vyombo vya habari viliandika kwamba anafanya kazi hadi saa 18 kwa siku, na upasuaji hadi mara 10. Watu walizitaja saa hizo kama sifa, lakini kwa mwili wa binadamu hizo ni hatari.

Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, likisema si ugonjwa bali ni tatizo linalotoka kazini. Lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kazi yenyewe kushuka. Dalili ya pili ndiyo inayotisha zaidi hospitalini, maana mgonjwa huanza kuonekana kama namba.

Panzi ilijibu kwa kugawanya mzigo. Kazi iliwekwa katika sehemu nne: matibabu, saikolojia, sheria, na kumsaidia mwanamke ajitegemee. Mgonjwa anapofika hupewa mama wa kumsindikiza, ambaye pale wanamwita maman chérie. Huyo ndiye anakaa naye na kumsikiliza, mpaka anapotoka. Kwa hiyo daktari wa upasuaji hana lazima ya kuwa tena mshauri, mwanasheria na mtafuta kodi ya nyumba. Madaktari wengine wakafundishwa kushona fistula. Guy-Bernard Cadière, mpasuaji kutoka Brussels, alileta njia ya kupasua kwa matundu madogo na akafanya kazi pamoja na timu ya pale.

Hata hivyo, mji ulionja maana ya kumtegemea mtu mmoja. Tarehe 25 mwezi wa kumi 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege. Mlinzi wake aliuawa, naye akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Wanawake maskini wakauza matunda na mboga ili wamlipie tiketi. Aliporudi, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2013, umati ulimpokea njiani kutoka Kavumu. Wanawake hao wakaahidi kumlinda kwa zamu, bila silaha. (Neno zamu walilielewa vizuri kuliko wakubwa wengi wa kazi.) Baada ya hapo aliishi kwa miaka ndani ya uwanja wa hospitali, nyumba na kazi vikiwa nyuma ya ukuta mmoja, na hilo si jambo la kumwonea mtu wivu.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inaweka mwisho wa saa 45 kwa juma. Kwa muuguzi ambaye mshahara wake unachelewa, na jioni anauza dawa ili watoto wale, saa hizo ni maandishi tu. Yupo pia mfanyakazi anayekataa kumfundisha mwenzake kwa hofu ya kufukuzwa. Katika mji wenye kazi chache, hofu hiyo si ya kijinga.

Lakini kwa Mukwege, kufundisha wengine hakukumshusha thamani. Tuzo ya Nobel ya amani, aliyoipata pamoja na Nadia Murad mwaka 2018, ilikuja wakati mikono mingine tayari ilikuwa inashona. Mwaka 2023 aligombea urais, na vyumba vya upasuaji havikufungwa. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu na watu wakakimbia, Panzi iliendelea kupokea wagonjwa.