Raga yaomba kiti kwenye nganda za Fungurume

FUNGURUME, Lualaba – Kwenye barabara ya taifa inayotoka Likasi kwenda Kolwezi, Fungurume ni mji wa watu waliotoka mbali. Kuna wafanyakazi wa Tenke Fungurume Mining, wachimbaji wadogo, wauza makala, na madereva wa malori kutoka Zambia, Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini. Ikifika siku ya posho, wengi wao wanatafuta kitu kimoja: nganda yenye televisheni, antena nzuri, na jenereta ya kusaidia umeme ukikatika.

Kwa kawaida hakuna ubishi juu ya kitakachoonyeshwa: ni mpira wa miguu. Lakini akiingia mgeni mwenye jezi ya kijani ya Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, akaomba chaneli ibadilishwe, hapo ndipo maneno yanaanza. Televisheni ni moja. Mwenye nganda anahesabu nani ameagiza Simba ngapi na nani Tembo ngapi, huku wateja wake wa kila siku wakimkazia macho.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini swali lililo ndani yake ni kubwa: mtu aliye mbali na kwao ana haki gani mezani kwa wenyeji?

Kwingine duniani swali hilo lilipata jibu zamani. Katika miji mingi, mpenzi wa raga aliye ugenini anajua pa kwenda: baa ya Kiayalandi. Kampala wanayo, inaitwa Bubbles O'Leary. Ayalandi yenyewe ni kisiwa kilichokatwa na mpaka, sehemu moja ikiwa jamhuri, nyingine ikiwa chini ya Uingereza. Katika mpira wa miguu kina timu mbili za taifa. Katika raga kina timu moja tu, na watu wa pande zote mbili za mpaka wanaishangilia pamoja.

Kwetu kwenye mkanda wa shaba, mambo yalikwenda kinyume. Shaba iliyo chini ya ardhi haijui mpaka, lakini michezo iliyo juu yake iligawanywa na wakoloni. Upande wa Zambia, kampuni za migodi zilizoendeshwa na Waingereza na watu wa Afrika Kusini zilijenga viwanja vya raga. Mwanzoni vilikuwa vya wafanyakazi wazungu tu. Leo Wazambia wenyewe ndio wanaocheza huko: Kitwe kuna Diggers, Chingola kuna Nchanga, na Mufulira, karibu kabisa na mpaka wetu wa Mokambo, kuna timu ya raga inayoitwa Leopards. Nguzo za goli za uwanja wa Luanshya, zenye urefu wa zaidi ya mita 33, zilitajwa kwa miaka mingi kuwa ndefu kuliko zote za raga duniani.

Upande wa Katanga, chini ya Wabelgiji wa Union Minière, mpira wa miguu ndio ulioota mizizi. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikto wa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, walianzisha timu ambayo leo ni TP Mazembe. Ndiyo maana kijana wa Fungurume anaweza kukusimulia jinsi Mazembe ilivyoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi mwaka 2010 na kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia, lakini ukimwonyesha raga anauliza kwa nini wanarushiana mpira nyuma.

Jibu si gumu. Katika raga, mpira hauruhusiwi kurushwa mbele kwa mkono. Ukitaka kusonga, unakimbia nao au unaupiga teke. Kila timu ina watu 15, na mechi ni dakika 80. Anayeuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui anapata pointi 5, na teke linalofuata likipita kati ya nguzo linaongeza 2. Teke la adhabu ni pointi 3.

Anayedhani mchezo huo hauna utamu aangalie fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 28 Oktoba 2023, pale Stade de France. Ilianza saa tatu usiku, saa za kwetu Lualaba. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Timu yake ikapambana na watu 14, na ndiyo pekee iliyoweka mpira chini nyuma ya mstari. Hata hivyo Afrika Kusini ilishinda 12-11, pointi zote kwa mateke ya Handré Pollard. Robo fainali na nusu fainali pia ilikuwa imezishinda kwa pointi moja moja.

Wala damu ya Kongo si ngeni katika raga. Yannick Nyanga, aliyezaliwa Kinshasa, aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa. Madosh Tambwe, naye mzaliwa wa Kinshasa, alikulia Afrika Kusini na kuwa mchezaji wa kulipwa huko.

Na sisi wenyewe tunajua maana ya kutafuta televisheni ugenini. Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire mjini Abidjan. Kabla ya mechi, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki mwa nchi. Tulifungwa 1-0. Usiku ule, Mkongomani aliyekuwa Johannesburg, Nairobi au Brussels bila televisheni yake alihitaji mwenye baa wa nchi nyingine amfungulie chaneli. Aliyefunguliwa aliiona ishara ile pamoja na wenzake. Aliyekataliwa alibaki kuitafuta kwenye simu.

Kwa hiyo dereva wa Zimbabwe anayeomba raga Fungurume anaomba kitu ambacho ndugu zetu wanakiomba kila siku kwa watu. Na sababu ya kuomba anayo: mwezi Julai 2025, huko Uganda, timu yake iliishinda Namibia 30-28 katika fainali ya Kombe la Afrika na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, ambalo haikuwa imecheza tangu 1991.

Kombe hilo litaanza Oktoba 2027 nchini Australia. Jioni ya Sydney ni asubuhi ya Lualaba, kwa hiyo mechi nyingi zitaonyeshwa asubuhi na mchana, wakati viti vingi vya nganda viko vitupu na ligi za Ulaya hazijaanza kupiga mpira. Mwenye nganda hatalazimika kumfukuza yeyote mbele ya televisheni. Atalazimika tu kufungua mlango mapema.