Furu Chotara: Rangi Zinazotengenezwa Ndani ya Tangi la Kioo

Samaki chotara wa jamii ya Cichlidae ni wazao wa spishi mbili au zaidi waliopandishwa ili wapate rangi au michoro ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo peke yake. Jamii hiyo si ngeni kwa mla samaki wa Afrika Mashariki. Sato na perege wamo humo, na wamo pia furu wadogo wa Ziwa Victoria na mbuna wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Spishi zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinazidi 1,700, na nyingi zimo katika maziwa makuu matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakinunua samaki wa maziwa haya kwa miongo mingi, na ni katika matangi yao ndiko chotara wengi walikozaliwa.

Farasi na punda wakizaa, mtoto wao ni nyumbu asiyezaa. Kwa furu mambo ni tofauti. Ziwa Nyasa lina spishi zaidi ya 500 ambazo nyingi zimetokea katika muda usiofika miaka milioni moja, na katika historia ya viumbe muda huo ni mfupi mno. Jeni zao zinafanana kiasi kwamba dume wa spishi moja na jike wa nyingine, hata wakiwa wa jenasi tofauti, mara nyingi huzaa watoto wenye afya na uwezo wa kuzaa. Kinachowatenganisha ziwani kwa sehemu kubwa ni uchaguzi wa jike. Jike huangalia rangi ya dume, namna anavyocheza mbele yake, harufu yake na mahali alipochimba kiota, kisha humkubali au humpita. Rangi, kwa hiyo, ni kitambulisho cha spishi kabla ya kuwa pambo la sebuleni, na mfugaji anayeichezea anagusa ukuta uleule unaozuia spishi zisichanganyike.

Ukuta huo hubomoka kwa urahisi ndani ya tangi. Jike asiye na dume wa aina yake hatimaye humpokea aliyepo. Mwanga nao una sehemu yake. Katika Ziwa Victoria kuna ndugu wawili, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya buluu ya kijivu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Huyu wa pili amepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walipowaweka maabara chini ya mwanga wa kawaida, majike walichagua madume wa spishi yao. Mwanga ulipobadilishwa ukafuta tofauti ya buluu na nyekundu, majike walipoteza uteuzi huo. Watoto wa mchanganyiko walizaliwa wakiwa wazima na wenye rutuba.

Tendo lenyewe la kuzaa ni la ajabu kidogo. Kwa furu wengi wa Nyasa na Victoria, jike hutaga mayai machache kwa wakati, kisha huyageukia na kuyachukua mdomoni mara moja. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike anapoyafuata madoa hayo kwa mdomo, hupokea mbegu za dume, na mayai hutungishwa mumo humo. Huyalea mdomoni kwa takriban wiki tatu bila kula au akila kidogo sana. Mfugaji anayetaka kuwaokoa vifaranga wote humkamata jike kabla hajawaachia, humfungua mdomo taratibu na kuwamwagia kwenye chombo cha peke yao. Wakiachwa katika tangi la jumla, wengi huliwa siku hiyohiyo.

Mfugaji makini huanza na tangi la lita 250 au zaidi, maji magumu yenye pH kati ya 7.8 na 8.6, na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Dume mmoja huwekewa majike watatu au zaidi ili hasira zake zisimwangukie jike mmoja. Hapo hakuna siri. Ugumu uko katika kuchagua wazazi na katika kuelewa rangi inavyorithiwa.

Ngozi ya furu ina seli za rangi za aina kadhaa. Nyeusi hutokana na seli zenye melanini. Manjano na nyekundu hutoka katika seli zenye karotenoidi na pteridini, na karotenoidi samaki hawezi kuitengeneza mwenyewe, lazima aile. Ndiyo maana chakula chenye uduvi au mwani huongeza wekundu bila kubadili urithi hata kidogo. Buluu ni kitu kingine kabisa: hutokana na fuwele za guanini zinazorudisha mwanga kwa namna fulani. Zaidi ya hapo, rangi hufuata hali ya samaki. Dume aliyeshindwa vita hupauka kwa dakika chache, na akipewa tangi lake huiva tena. Mnunuzi anayemhukumu samaki kwa rangi ya dukani tu anaweza kumkosa aliye bora au kumlipia ghali aliyelishwa dawa, kwani katika biashara hii wapo wanaowapa vifaranga homoni za kiume ili wakolee mapema. Majike waliolishwa hivyo huvaa rangi za madume, na homoni ikikoma, rangi huondoka.

Michoro hurithiwa kwa kanuni ambazo wakati mwingine ni nyepesi kuliko inavyotarajiwa. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ambako kundi la Axel Meyer lilimpandisha Pundamilia nyererei, asiye na mistari ya kulala ubavuni, na Haplochromis sauvagei, furu mwingine wa Victoria mwenye mistari hiyo. Kizazi cha kwanza chote kilitoka bila mistari. Watoto hao walipopandishwa wenyewe kwa wenyewe, mistari ilirudi kwa takriban robo ya wajukuu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanasayansi hao walionyesha kwamba jeni iitwayo agrp2 ndiyo inayozuia mistari isijitokeze. Walipoiharibu ndani ya Pundamilia nyererei, samaki huyo aliota mistari ambayo kwa kawaida hana.

Somo la mfugaji liko hapo. Kizazi cha kwanza cha chotara hufanana, na mara nyingi huvunja moyo: rangi za kati, za vumbi, zisizo za baba wala za mama. Wengi huacha hapo. Utofauti hufumuka katika kizazi cha pili, pale jeni za babu na bibi zinapogawanywa upya mithili ya karata zilizochanganywa. Katika vifaranga hamsini anaweza kupatikana mmoja wa kuvutia, wachache wa kuridhisha, na kundi kubwa lisilo na mnunuzi. Huyo mmoja hurudishwa kwa mzazi au kwa ndugu yake ili sifa yake iimarike, kazi inayoendelea kizazi baada ya kizazi. Kwa kuwa furu wa kundi hili huchukua miezi sita hadi mwaka mmoja kukomaa, miaka minne au mitano hupita kabla ukoo haujatulia na kuanza kuzaa watoto wanaofanana nao. Kupandisha ndugu kwa ndugu muda wote huo kuna gharama yake: uti wa mgongo uliopinda, mayai yasiyoanguliwa, samaki wadogo kuliko wazazi wao. Wafugaji wenye subira hushika koo mbili au tatu sambamba na kuzikutanisha kila baada ya vizazi kadhaa. Daftari la nasaba ni la lazima, ingawa ndilo linalosahauliwa kwanza.

Chotara maarufu zaidi wa asili ya Nyasa ni samaki tausi mwenye mabaka. Tausi ni jina la biashara la samaki wa jenasi Aulonocara, ambao madume wao wana buluu, manjano na nyekundu zilizopangika vizuri, na majike wao ni wa kijivu. Mabaka hayakuwa yao. Yalitoka kwa mbuna, ambao baadhi ya majike wao huwa na rangi ya chungwa iliyotapakaa madoa meusi. Jeni ya mabaka hayo ni Pax7, na iko karibu sana na sehemu ya kromosomu inayoamua kwamba samaki awe jike. Ziwani, basi, karibu wote wenye mabaka ni majike. Uchunguzi wa Reade Roberts, Jennifer Ser na Thomas Kocher uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza mantiki yake: mabaka humficha jike kwenye miamba, lakini humharibia dume mavazi yake ya uchumba. Tangini jike hana wa kuchagua, wala hakuna ndege wa kukwepa. Wafugaji waliyahamishia mabaka kwa tausi, wakawateua madume wachache waliokuwa nayo, na leo kuna koo nzima za madume wa buluu au waridi waliorashiwa weusi, kila mmoja na mchoro wake. Kinachothaminiwa sokoni ni kilekile ambacho ziwani kingemkosesha dume mke.

Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki ilikwenda mbali zaidi, ikitumia samaki wa jamii hiyohiyo kutoka Amerika ya Kati. Nchini Taiwan, katika miaka ya 1980, alitokea samaki mwekundu wa mviringo anayeuzwa kwa jina la kasuku. Kinywa chake hakifungi vizuri, hivyo hula kwa shida na hupigana kwa shida, na madume wake wengi hawana rutuba. Kwa baadhi yao uzuri huongezwa kwa sindano za rangi chini ya ngozi, au kwa kukata mkia ili mwili ufanane na kopa. Hapo ufugaji umegeuka ukatili, na wafugaji wengi wa nchi za Magharibi wamekataa kuwanunua. Katika miaka ya 1990, Malaysia ilitoa Luohan, samaki mwenye nundu kubwa kichwani na madoa meusi ubavuni ambayo wanunuzi waliyasoma kama herufi za Kichina za bahati. Bei ya samaki mmoja aliyeandikwa vizuri ilipanda kupita kiasi, watu wengi wakaanza kuzalisha, soko likafurika, bei ikaanguka. Waliobaki bila thamani walitupwa kwenye mito na mabwawa ya Malaysia na Singapore, ambako samaki hao wakubwa na wakali walianza kula wenyeji.

Hatari ya aina hiyo ni kubwa zaidi kwenye maziwa ya Afrika, kwa kuwa furu chotara akiingia majini atawakuta ndugu anaoweza kuzaa nao. Ushahidi upo. Katika miaka ya 1960, mbuna aitwaye Cynotilapia afra alihamishwa kutoka sehemu nyingine ya Ziwa Nyasa hadi kusini, katika shughuli za kusafirisha samaki wa mapambo. Kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi alizaliana na mbuna wa hapo aitwaye zebra, na watafiti waliwakuta chotara miongo kadhaa baadaye. Katika Ziwa Victoria maji yaliyochafuka kwa mbolea na maji taka yamefanya kazi ambayo tangini hufanywa na taa: mwanga umepungua, rangi hazionekani, spishi zinayeyukiana. Hilo limeongezwa juu ya hasara iliyoletwa na sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuangamiza furu kwa mamia ya spishi.

Haifai, hata hivyo, kuuona uchotara kuwa uharibifu wakati wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa Ziwa Victoria na maziwa jirani walitokana na kukutana kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Mto Nile. Mchanganyiko huo ndio uliowapa akiba ya jeni, hasa za macho na rangi, iliyowawezesha kugawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida. Tofauti na tangi ni kwamba ziwani maji, wawindaji na majike ndio waliokuwa wakichagua.

Tatizo linaloumiza vichwa vya wahifadhi ni dogo kwa umbo: jike wa kijivu. Baadhi ya furu waliopotea Victoria wamebaki katika matangi ya hifadhi za wanyama na ya wafugaji binafsi wa Ulaya na Marekani, na majike wa spishi nyingi hawatofautishiki kwa macho. Jike chotara akiuzwa kama jike halisi, kundi zima huharibika bila mtu kujua hadi madume wa kizazi kinachofuata waive. Kwa sababu hiyo wafugaji waangalifu huwatenga chotara katika matangi ya peke yao, huwauza madume tu, na humwambia mnunuzi waziwazi anachonunua. Vifaranga wasiohitajika hulishwa samaki wakubwa wa nyumba hiyohiyo.