Si kila tumbo la mjamzito ni asidi

Ukisikia neno steroidi, najua akili yako inakimbia gym, kwa wale jamaa wa vifua kama ukuta. Hata mimi nilikuwa hivyo hadi binamu yangu, mimba ya wiki 31, alipoanza kujishika chini ya mbavu za kulia akisema panachoma.

Nyumbani sote tukawa madaktari. Huyu anasema asidi, yule analaumu mutura wa jioni. Mimi nikatumwa duka la dawa. Siku 2 anameza tu, anatapika, kichwa kinampasuka. Siku ya 3 tukaita teksi.

Hospitalini walipima presha, mkojo na damu. Jibu: HELLP. Jina hilo lilitolewa na Dkt Louis Weinstein wa Marekani mwaka wa 1982. Ni ndugu wa presha ya mimba, na huleta balaa tatu kwa mpigo: chembe nyekundu za damu zinapasuka, ini linaumia, na chembe sahani zinazogandisha damu zinaisha. Kawaida huwa 150,000 na zaidi kwa kila mikrolita. Hapa hushuka chini ya 100,000. Mama anaweza kuvuja damu ndani, au kushikwa na kifafa cha mimba.

Akadungwa deksamethasoni. Nikauliza, "Daktari, si hiyo ni steroidi?" Akacheka. Hii si ya misuli, ni ile jamii iliyovuma wakati wa Korona. Kazi yake kubwa hapa ni kukomaza mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa mapema. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi 5, Kenya ikiwemo, ulionyesha mwaka wa 2020 kwamba inapunguza vifo vya watoto hao.

Na mama je? Hapo usidanganyike. Dawa hii inaweza kupandisha chembe sahani, lakini tafiti hazijathibitisha kwamba inaokoa maisha yake. Ndiyo maana WHO mwaka wa 2011 ilisema isitolewe kwa lengo la kutibu HELLP yenyewe. Tiba ni mtoto na kondo la nyuma vitoke, pamoja na magnesiamu ya kuzuia kifafa, dawa za presha, na damu ikihitajika.

Kwa kuwa hali yake ilikuwa imetulia, walimpa mtoto siku moja dawa ifanye kazi, kisha wakampasua. Kasichana, kilo 1.4. Sisi tukapanga foleni kutoa damu.

Sasa wewe, uwe dada, mpenzi au jirani: mjamzito akiumwa chini ya mbavu, akitapika, akiumwa kichwa kisichopoa au akiona ukungu, usimpe ushauri wa duka. Presha ikiwa sawa pia isikutulize, maana wengine huwa sawa. Hata akishajifungua, siku chache za kwanza bado ni za hatari.

Akikwambia "ni asidi tu", mwambie sawa, lakini twende ikapimwe. Sisi tulichelewa siku 2. Tulibahatika.