Afya: Dawa za kuvu hupiga wapi, na sababu gani haifai kuziacha katikati

Kuvu, ile ambayo wengi kwetu huita kwa Kifaransa « champignon », haiishii kwenye vidole vya miguu au kichwa cha mtoto. Kuna aina inayoitwa kriptokoko, ambayo huingia kwa njia ya pumzi. Kwa mtu ambaye SIDA imemaliza kinga ya mwili wake, hupanda mpaka kwenye ubongo na kuleta meninjite. Bila dawa, inaua.

Antibiotiki haziwezi kitu hapa, kwani kuvu si bakteria. Chembe yake imejengwa karibu sawa na chembe ya mtu, na ndiyo sababu dawa za kuua kuvu bila kuumiza mgonjwa ni chache. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Kila chembe ina ngozi nyembamba inayochunga kinachoingia na kinachotoka. Ngozi ya chembe zetu inakazwa na mafuta ya kolesteroli. Ile ya kuvu inakazwa na ergosteroli.

Amfoterisini B, inayopitishwa kwenye mshipa, hushika ergosteroli hiyo. Ngozi inaharibika, chumvi za ndani zinavuja, chembe inakufa. Flukonazoli, ambayo ni kidonge, hufanya kazi mapema zaidi: inazuia ergosteroli isitengenezwe. Kuvu inakosa ngozi nzuri na kuacha kuongezeka, lakini si yote inayokufa.

Kwa kuwa kolesteroli na ergosteroli zinafanana, amfoterisini huumiza pia chembe zetu, hasa za mafigo. Kwa hiyo ilitengenezwa aina iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba dozi moja ya aina hiyo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haishindwi na amfoterisini ya kawaida ya siku saba. OMS iliipendekeza mwaka uleule.

Baada ya hapo, flukonazoli inaendelea kwa miezi mingi. Anayeiacha kwa sababu kichwa kimetulia anaiachia kuvu iliyobaki nafasi ya kurudi. Na mwenye virusi vya SIDA anayeumwa kichwa kwa siku nyingi, pamoja na homa au kutapika, asiendelee kununua parasetamoli: aende kituo cha afya apimwe.